Mafuta yamegoma: kosa liko shambani, kwenye pipa au kwenye chupa?

Umejaza pipa la lita 200 kwa kilo 40 za mchaichai, umechochea kuni tangu alfajiri, na saa saba mchana unachokiona juu ya maji ni mafuta ya harufu ya kujaza vijiko vinne vya chai. Wa kwanza kulaumiwa ni fundi aliyechomelea mtambo. Nami nimemlaumu wangu mara tatu. Mara mbili ikabidi nirudi kumwomba radhi, maana kosa lilishafanyika kabla kiberiti hakijawashwa.

Ndiyo maana humu tunaanza kutafuta kosa kwenye jani, tunapita kwenye mavuno, ndipo tunafika kwenye pipa, kipozeo kinachorudisha mvuke kuwa maji, na chupa. Wengi huenda kinyume. Hubadilisha bomba, hununua kipozeo kipya, kisha hugundua kwamba mbegu waliyopewa ilikuwa ya mmea wenye tabia nyingine kabisa. Mifano yangu ni ya mimea ninayoikeneka, yaani ninayoipitishia mvuke na kuupoza mvuke huo nipate mafuta yake: mchaichai, mrehani, kivumbasi cha aina mbili, mnanaa na rozmari.

Kabla ya yote, daftari. Kila pipa liandikiwe saa ya kuvuna, kama mvua ilinyesha jana yake, uzito wa majani, saa tone la kwanza lilipotoka, saa ulipozima moto, na mililita ulizopata. Bila daftari utakuwa unabishana na kumbukumbu yako, na kumbukumbu ina upendeleo.

"Mafuta ni kidogo mno"

Kwanza jiulize kidogo kuliko nini. Mchaichai mbichi hutoa takriban asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 40 zikikupa gramu 80 hadi 200 uko palepale wanapokuwa wenzako. Aliyezoea karafuu hupata mshtuko hapa. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hutoa asilimia 5 hadi 7 na karafuu zenyewe zaidi ya 15, lakini huwezi kulidai jani likupe kilicho kwenye karafuu.

Ukiwa chini ya asilimia 0.2, angalia mmea unayaweka wapi mafuta yake, kwa sababu jibu hutofautiana kwa ukoo. Mrehani, kivumbasi, mnanaa na rozmari ni ndugu, na wote wana vinyweleo juu ya jani vyenye vifuko vidogo sana. Mafuta yamekaa nje, chini ya utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukikanyagia majani kwenye gunia, ukiyabana chini ya viti vya daladala au ukiyalundika yakapata joto kama mbolea, vifuko hupasuka na mafuta huondoka na upepo. Nyumba nzima ikinukia mrehani usifurahi, hiyo ndiyo faida yako inayopita mlangoni.

Mchaichai ni kinyume chake. Mafuta yako ndani ya jani, kwenye seli zake, na mvuke huchelewa kuyafikia. Huo ndio unaofaa kukatwakatwa vipande vya urefu wa kidole muda mfupi kabla ya kupakia, na ndio unaofaidika ukinyaushwa kivulini kwa siku moja, kwani maji yanapungua na pipa linabeba majani mengi zaidi. Ukiuchukulia mrehani kama mchaichai utapoteza. Ukiuchukulia mchaichai kama mrehani utapoteza pia, ila kwa kuchoma kuni nyingi.

Sababu nyingine za shambani hazina siri: umevuna umande haujakauka, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, kivuli cha migomba kimezidi, umekata mashina manene pamoja na majani, au mrehani umeshaweka mbegu. Kwenye mrehani mimi hukata nusu ya maua ikiwa imefunguka, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Yakishatoka lawamani hayo yote, ndipo njoo kwenye pipa. Zima moto, fungua, choma mkono katikati ya shehena. Ukikuta majani ya pembeni yameiva na kubadilika rangi huku ya katikati bado ni mabichi, mvuke umejichimbia njia ya mkato na kupita hapohapo muda wote. Majani yalipakiwa bila kushindiliwa sawasawa, au kuna upande uliobaki wazi. Mvuke ni mvivu, hupita palipo na mwanya. Shindilia kwa tabaka, na ukate yale yanayojikunja.

Kama majani yote yameiva na mafuta bado hayapo, tazama kifuniko na viungo vya bomba. Pitisha kioo cha kujitazamia karibu na kila kiungo, na kikipata ukungu hapo ndipo panapovuja. Mpira wa tairi la baiskeli usitumie kuziba, maana harufu yake huingia kwenye mafuta na haitoki. Donge la unga wa ngano na maji, lililopakwa kuzunguka mdomo wa pipa, hukauka kwa joto na kuziba vizuri kuliko vitu vingi vya dukani.

"Kipimajoto kinaishia 95, hakifiki 100"

Hakuna kosa. Maji huchemka mapema kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Arusha, kwenye mita 1,400, nyuzi 95 ndizo za kuchemkia. Nairobi ni pungufu kidogo. Usiongeze moto kuifukuzia 100, utaishia kuunguza.

Wengine huuliza inawezekanaje sitrali, kemikali kuu ya harufu ya mchaichai, inayochemka kwenye nyuzi karibu 229, itoke kwenye pipa lisilofika hata 100. Inawezekana kwa sababu maji na mafuta havichanganyiki, hivyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na nguvu za mivuke miwili hujumlishwa. Jumla ikilingana na shinikizo la hewa, vyote viwili hupanda pamoja. Maji ndiyo yanayobeba mzigo, mafuta yamepanda lifti.

"Harufu si ile niliyoiacha porini"

Lalamiko hili ndilo lenye utamu, na ndilo linalokula pesa za watu. Mtu amekiona kivumbasi kando ya njia, kinanukia karafuu tupu. Akachuma mbegu, akapanda robo eka, akavuna, na mafuta yakatoka na harufu ya dawa ya kusukutua. Akaanza kutafuta kosa kwenye mbolea, kwenye maji ya kisima, hata kwa jirani.

Kivumbasi kikubwa, Ocimum gratissimum, ni jina moja lililobeba watu wengi. Kipo kinachotengeneza yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Kipo cha thaimoli, yenye ukali wa thaimu, kile kiungo cha jikoni, na dawa za kinywa. Kipo cha sitrali kinachokaribia mchaichai, na kipo cha jeranioli chenye uwaridi ndani yake. Wakemia huziita kemotaipu: umbo moja, jina moja, karakana tofauti ndani ya jani. Sampuli za Kenya zilizochunguzwa zimeonyesha yujenoli kwa wingi, ilhali Afrika Magharibi, Nigeria na Benin, kinachotajwa mara nyingi ni thaimoli. Ukisoma kwenye intaneti kwamba kivumbasi kina hiki au kile, kwanza uliza ni cha wapi.

Mrehani wa kawaida, ule unaotiwa kwenye kikuba, pambo la maua ya kunukia la wanawake wa pwani, pamoja na asumini na kilua, nao una koo zake. Mmoja hutoa linaloli kwa wingi, harufu laini ya maua. Mwingine hutoa estragoli, harufu inayoelekea shamari, na huu ndio unaofahamika sana kutoka Komoro na Réunion. Mnunuzi wa manukato akikuagiza mrehani na wewe ukampelekea wa pili wakati yeye alitaka wa kwanza, hata ukikeneka kwa ustadi wa malaika atakurudishia. Tena estragoli huangaliwa kwa jicho kali katika vyakula na vipodozi, kwa hiyo si suala la kupenda au kutopenda tu.

Kinachoamua koo hizi ni urithi. Mmea una kimeng'enya cha kutengeneza thaimoli au hauna, na samadi haiwezi kuigeuza thaimoli kuwa yujenoli. Jua, maji, umri wa jani na msimu husogeza viwango juu na chini, lakini karakana inabaki ileile. Mahali, badala yake, hufanya kazi ya kuchuja: huamua nani aishi. Kusini mwa Ufaransa, karibu na Saint-Martin-de-Londres upande wa kaskazini wa Montpellier, thaimu ya porini ina kemotaipu sita ndani ya kilomita chache. Zile za thaimoli na kavakroli zilikaa miteremkoni kwa sababu hazikuvumilia barafu kali ya bondeni wakati wa kipupwe, na zenye linaloli na wenzake zikakaa chini kwenye baridi. Vipupwe vilipolegea, watafiti wamezikuta zile za juu zikishuka na kuota pale ambapo zamani zisingepona.

Tafuta kosa hivi. Rudi kwa mmea mama, kama bado upo, ukiwa na tawi la mtoto mkononi. Chukua jani la umri mmoja kutoka kila upande, jozi la tatu kutoka nchani, likunje, lisugue, linuse. Mama akiwa bado ananukia karafuu na mtoto hanukii, mbegu ndiyo iliyokusaliti. Nyuki hawaheshimu mipaka ya kemia, na kivumbasi cha thaimoli kilichoko ng'ambo ya barabara kinatosha kuvuruga uzao wote. Tiba ni kuacha mbegu na kupanda vipandikizi. Tawi la unene wa penseli, urefu wa shibiri, huota mizizi bila shida kwenye udongo wenye unyevu, na huyo atakuwa mama yuleyule kwa mwili mwingine.

Mama naye akiwa amebadilika, basi ni msimu au umri, subiri mvua ipite upime tena. Majani ya wote wawili yakinukia sawa lakini mafuta ndiyo yamepotoka, achana na shamba, nenda kwenye pipa.

Kuna mtego mwingine mpole zaidi. Gunia la porini limetoka kwenye mimea labda mia mbili iliyotawanyika kilimani, na mafuta yake ni wastani wa wote hao. Shamba lako limetoka kwenye mama watatu. Hata kama hujakosea chochote, harufu itakuwa na makali ambayo porini yalifunikwa na mengine. Anayetaka harufu ya porini achukue vipandikizi kutoka mimea thelathini au zaidi, aichanganye. Anayetaka kemikali moja kwa wingi afanye kinyume, atafute mama mmoja bora na kumzidisha yeye tu.

Mchaichai wetu hauna habari hizi. Hautoi maua ila kwa nadra, unapandwa kwa kugawa mashina, kwa hiyo shamba zima ni nakala ya shina moja. Mchaichai ukibadilika harufu, usiguse habari ya mbegu, tafuta sababu kwenye umri, unyevu au pipa.

Pua yenyewe inahitaji msaada. Nilipokuwa natenga safu zangu kwa vitambaa vya rangi, bibi mmoja jirani alikuja kutazama, akasimama mbele ya kichaka cha kijivu chenye manyoya, akachuma jani na kulinusa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hiki usikipeleke harusini." Kilikuwa kivumbasi cha kafuri, Ocimum kilimandscharicum, na kafuri ndiyo hiyo watu wa pwani wanaiita karafuu maiti. Sikuhitaji mashine. Tangu siku hiyo kila safu mpya naipitisha kwa mtu asiyejua natafuta nini, na namwuliza inamkumbusha mahali gani.

Kafuri hiyohiyo inayofukuza watu harusini ndiyo mali kwa wengine. Kando ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru kililima mmea huu mashambani badala ya kuutegemea msitu, kikakeneka mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kikisaidiwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na mwaka 2010 kikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Bidhaa ya namna hiyo inasimama juu ya kafuri. Mmea huohuo unao ukoo wenye linaloli nyingi, na anayeupanda huo bila kujua atapata chupa yenye harufu nzuri isiyofaa kifua cha mtu yeyote.

Kwa mnanaa wa mentholi lalamiko hugeuka: "mmea ni uleule, kipandikizi ni kilekile, lakini mafuta ni makali na machungu." Hapo ni umri. Jani changa huwa na pulegoni, ambayo mmea huigeuza kuwa menthoni na baadaye mentholi kadiri jani linavyokomaa. Ukivuna mapema kwa kuogopa mvua, umekatiza kazi njiani. Ukichelewa hadi maua yamejaa, mafuta huongezeka menthofurani inayoharibu harufu. Subiri maua yaanze kuchungulia, kisha usipoteze wiki. Pulegoni pia huumiza ini ikizidi, kwa hiyo mafuta hayo ya mapema usimpe mtu ayaweke kwenye chai.

"Mafuta hayaelei wala hayazami"

Unaona mawingu na vidonge vidogo vikizurura katikati ya chupa ya kutenganishia, na mengi yanaishia kumwagwa na maji. Wenye kivumbasi cha yujenoli wanajua maumivu haya.

Sababu ni hesabu. Yujenoli ni nzito kuliko maji, karibu 1.06 maji yakihesabiwa kuwa 1, na ndiyo maana Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, mafuta hutafutwa chini ya chombo na si juu. Kemikali nyingine nyingi za majani ziko kati ya 0.85 na 0.95. Kivumbasi chenye yujenoli asilimia 70 hivi na nyingine nyepesi zilizosalia hukupa mafuta ambayo uzito wake unakaribiana mno na maji, kwa hiyo hayana sababu ya kwenda juu wala chini.

Njia rahisi ni joto. Mafuta yakipata moto hutanuka kuliko maji, hivyo hupata wepesi. Punguza maji ya kupozea hadi kinachotoka kiwe vuguvugu, nyuzi 40 na kidogo, na utayaona yanaanza kupanda. Njia ya pili ni chumvi ya jikoni: koroga kwenye maji yaliyokusanyika, maji yawe mazito, mafuta yatapanda. Kwa chumvi utapoteza uwezo wa kuyauza maji hayo kama marashi, au kuyarudisha kwenye pipa la chuma bila kulialika kutu, lakini mafuta ndiyo uliyoyafuata.

Kama yote yamekuwa meupe kama tui na hayajitengi hata baada ya saa mbili, moto ulikuwa mkali, mvuke umekuja kwa kishindo na kuyasaga mafuta kuwa chembe. Yaache usiku kucha mahali pasipotikiswa. Kesho punguza kuni.

"Kipozeo kimeziba, na ndani kuna kitu kama sukari"

Zima moto kwanza, soma baadaye. Pipa lililofungwa huku bomba limeziba ni bomu.

Mara nyingi hiyo ni kafuri. Haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 170, huruka ikiwa mvuke na kuganda moja kwa moja kwenye ukuta baridi. Anayekeneka kivumbasi cha kafuri kwa bomba jembamba lililozungushwa kama chango anajitafutia ajali. Tumia bomba pana lililonyooka unaloweza kulisukumia fimbo, na uache maji ya kupozea yawe ya uvuguvugu. Kusafisha, spiriti inatosha.

Ukitaka kuhakikisha ni nini, chukua fuwele, zikaushe kwa karatasi, zitie kwenye kichupa kikavu na ukiloweke kwenye maji ya nyuzi 60. Mentholi itayeyuka, maana inahitaji nyuzi zaidi kidogo ya 40. Thaimoli nayo itayeyuka, yenyewe huhitaji karibu 50. Kafuri itakutazama tu. Fuwele si kasoro, wapo wanaozinunua peke yake.

"Yananuka moshi" na "yananuka kabichi"

Haya ni malalamiko mawili ambayo watu huyachanganya.

Moshi au kuungua ni majani yaliyogusa chini ya pipa, au maji yaliyokauka kabla hujazima. Inua chekeche liwe juu ya maji kwa shibiri nzima, na weka bomba la kioo pembeni la kuonyesha maji yamefika wapi. Mafuta yaliyokwisha kuungua hayarudi. Ingawa hapa hata ubaya una wenyewe: huko Jabal Akhdar, Oman, maji ya waridi yanayokenekwa kwenye majiko ya udongo huwa na harufu ya moshi, na wapo wasioyataka yasiyo nayo. Mrehani haujapata bahati hiyo.

Harufu ya kabichi au ya mboga iliyochemshwa ni jambo jingine. Mafuta mapya ya majani hutoka na chembe za salfa zinazoruka haraka. Acha chupa wazi, imefunikwa kwa kitambaa safi, gizani, siku mbili au tatu, harufu itaondoka yenyewe. Ikikataa, uliacha majani yakachacha kabla ya kupakia.

Harufu ya siki kwa mbali, hasa kwenye mimea yenye esta, aina mojawapo ya kemikali za harufu, kama lavenda, husema kwamba majani yalichemka ndani ya maji kwa muda mrefu. Esta huvunjika ikawa pombe yake na asidi, na linalili asetati hukuachia linaloli na siki. Tenganisha majani na maji, upitishe mvuke peke yake, na ufupishe muda.

Rangi

Mchaichai unapaswa kuwa njano. Ukitoka hudhurungi, lawama ni ya chuma kinachoshika kutu. Kwa yujenoli na thaimoli ni mbaya zaidi, kwa sababu hizo ni za kundi la kemikali liitwalo fenoli, na fenoli zikikutana na chuma hugeuka nyeusi au zambarau iliyochafuka. Kijani kinachoelekea buluu mara nyingi ni shaba ya bomba. Chuma kisichoshika kutu kwa sehemu zote zinazoguswa na mvuke kinamaliza mjadala, na pipa lililowahi kubeba rangi au dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara ngapi.

Buluu kabisa kwenye kamomili ya Kijerumani ni heri. Ni kamazulini, ambayo ua halina. Huzaliwa kwenye joto la pipa kutokana na kemikali isiyo na rangi iitwayo matrisini. Baada ya miezi itageuka kijani, kisha kahawia, na hapo umri umeshasomeka.

"Mnunuzi amesema sitrali imepungua, au nimechakachua"

Wanunuzi wa mchaichai wengi hutaka sitrali isipungue asilimia 75 hivi. Sitrali ni ndugu wawili, jeraniali na nerali, na wote hawapendi hewa. Mafuta yaliyokaa kwenye chupa nusu tupu, dirishani, hupoteza sitrali bila mtu kuyagusa. Kabla ya kubishana, uliza sampuli ilikaa wapi na kwa muda gani, kisha keneka pipa jipya upime lenyewe. Nyasi zilizozeeka zikakauka ncha nazo hushusha kiwango.

Kuna jaribio la spiriti linalowaonea wakulima wetu. Mafuta huchanganywa na spiriti ya asilimia 70, na yakiwa na ukungu mtu hudhani yana mafuta ya kula ndani. Kwa mchaichai wa Kihindi, Cymbopogon flexuosus, hukumu hiyo inaweza kuwa na maana. Mchaichai wetu wa uani, Cymbopogon citratus, una kemikali iitwayo mirseni kwa wingi, na mirseni hujiunga yenyewe kwa yenyewe kadiri siku zinavyopita na kukataa kuyeyuka kwenye spiriti hiyo. Ukungu pale ni dalili ya aina na umri. Eleza hivyo kwa utulivu, na upendekeze kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kila kemikali na kuonyesha kiasi chake.

Kwa tuhuma ya mafuta ya kula, tone moja juu ya karatasi nyeupe linatosha. Kesho yake mafuta ya harufu yatakuwa yameruka, ya kupikia yataacha duara linalong'aa. Ila yaliyozeeka nayo huacha alama hafifu ya utomvu, kwa hiyo weka tone la mafuta yako mapya pembeni upate kulinganisha.

"Chupa imelainika, na mteja amewashwa"

Plastiki haifai. Limonini na wenzake, kemikali zilizomo kwenye mafuta, huilainisha na kuibadilisha umbo, na mpira wa kitoneshi huvimba. Kioo cha kahawia au alumini, kijazwe hadi shingoni, mahali pa baridi. Maji yaliyobaki ndani ya mafuta yatolewe kwa salfeti ya sodiamu iliyo kavu, kisha chuja.

Mteja akiwashwa na mafuta ambayo mwaka jana hayakumfanya kitu, yanuse. Linaloli na limonini zikikutana na hewa kwa muda mrefu huzaa viambata vinavyoamsha mzio wa ngozi kuliko zenyewe zilipokuwa mbichi. Harufu ya tapentaini au rangi ya mbao inakuambia yamechacha. Hayo ni ya kusafishia sakafu.

Nyuzi zinazoelea kwenye maji ya mrehani

Ni ukungu, yaani kuvu. Maji yanayokusanywa chini ya mafuta yana chembe za harufu lakini si nyingi za kujilinda, na ndoo iliyooshwa kwa maji ya kisima inatosha kuyapandikiza. Yamwage, chemsha vyombo, na safari ijayo yajaze yakiwa bado vuguvugu ndani ya chupa zilizochemshwa, uyaweke kwenye friji. Mimi huandika tarehe kwenye kifuniko, na yakifika mwezi wa pili bila kununuliwa nayamwagia miche ya mrehani.